Meli wanaijua, duka hawalijui

Juzi Jumapili nilienda kumsalimia mjomba Chumbageni, yule niliyewahi kuwaambia alikuwa sarahangi, kaanzia majahazi akamalizia tagi za bandarini, sasa hivi kazi yake ni kukaa barazani na redio yake na kuuliza watu maswali. Akaniuliza siku hizi nasoma nini, nikamwambia mjomba nasoma habari za mbunge mmoja wa Marekani wa zamani, mtu mweusi, alizaliwa mtumwa, akaiba meli ya jeshi usiku na familia yake ndani akawapita walinzi wote mpaka nje bahari kuu. Nilitegemea atashangaa. Mzee kaweka kikombe chini, kaniuliza, "Maji yalikuwa yanajaa au yanatoka?"

Yaani kurasa zote hizo nilizosoma na hilo swali halikunijia hata mara moja. Halafu kabla sijajitetea akaja na la pili: "Na kuiba meli ni usiku mmoja mjomba. Baada ya hapo alikula nini?"

Hili la pili ndilo limenifanya nikae kuandika, maana ukimtafuta huyu Robert Smalls popote unakuta usiku ule ule tu, kofia, meli, mizinga, mwisho. Wakati usiku wenyewe ulikuwa tarehe 13 Mei 1862 na jamaa alikuwa na miaka 23, kafariki 1915. Miaka 52 na zaidi yote inamezwa na usiku mmoja. Na mimi hiyo miaka 52 ndiyo naiona tamu zaidi, kuna duka, kuna mgambo, kuna bunge la jimbo, kuna kesi ya rushwa, kuna nyumba. (Nikisema jimbo hapa namaanisha South Carolina, yale majimbo makubwa ya Marekani yenye gavana wake na bunge lake, sio jimbo la uchaguzi kama la kwetu.)

Ila sawa, meli kwanza, maana nikiiruka mtalalamika.

Smalls alizaliwa 1839 Beaufort, mji mdogo wa pwani, wenyewe wanautamka kama Byufoti msije mkaaibika. Mama yake Lydia alikuwa mtumwa wa ndani kwenye nyumba ya familia ya McKee, na mtoto alizaliwa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Alipofika miaka 12 bwana akampeleka Charleston kukodishwa, yaani anafanya kazi kwa watu, mshahara unaenda kwa bwana, yeye anaachiwa kitu kidogo. Kafanya kazi hotelini, kawasha taa za barabarani, kawa kuli wa gatini, kashona matanga, mwisho akajua bandari nzima ya Charleston, kila fungu la mchanga na kila mkondo. Kaoa akiwa na miaka 17, mke Hannah naye mtumwa wa mtu mwingine, kwa hiyo akaongea na bwana wa mkewe amuuzie mke na mtoto, bei dola 800. Kwa kipato kile hata akipiga deiwaka usiku na mchana ilikuwa ni ndoto.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, majimbo ya Kusini yaliyotaka kubaki na utumwa yanapigana na serikali ya Kaskazini, akawekwa kwenye meli iitwayo Planter, meli ya mvuke iliyokuwa inabeba pamba na sasa inabebea jeshi la Kusini mizinga na risasi. Kazi aliyokuwa anafanya ni ya rubani kamili. Ila rubani kilikuwa cheo cha mzungu, mweusi hawezi kuitwa rubani, kwa hiyo yeye alikuwa anaitwa mshika usukani tu. Nilivyomwambia mjomba hili alicheka sana, akasema hiyo hata yeye kaifanya miaka mingi, kazi ya nahodha kwa mshahara wa baharia.

Usiku huo kapteni na wenzake wawili wazungu wakaenda kulala kwao mjini, kinyume na amri. Kama saa tisa usiku Smalls akavaa koti na ile kofia ya majani ya kapteni, wakawasha moto, wakapitia gati jingine kuwachukua wake na watoto, halafu wakatoka taratibu kama meli inayoenda kazini. Walikuwa wameshakubaliana wakikamatwa wanailipua meli na wao wenyewe ndani. Kwenye kila ngome anapiga honi inavyotakiwa, na pale Fort Sumter, kubwa kuliko zote, kukiwa kunakaribia kupambazuka, akapiga mbili ndefu na moja fupi huku kaegemea dirishani kwa mkao ule ule wa kapteni. Wakamruhusu. Alipofika nje ya masafa ya mizinga akashusha bendera ya Kusini akapandisha shuka jeupe ambalo Hannah alilileta kutoka hotelini, na meli ya Kaskazini iliyokuwa tayari kufyatua ikaliona shuka. Basi. Serikali ikampa zawadi ya dola 1,500 na gazeti zote zikaandika.

Sasa tuje kwenye chakula.

Dola 1,500 mwaka 1862 kwa mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa mali ya mtu ni fedha nyingi, na wengi wangezila. Smalls akaendelea na kazi ya bahari upande wa Kaskazini, safari hii anaitwa rubani kwa jina lake. Aprili 1863 alikuwa anaiongoza meli ya chuma Keokuk ikapigwa mizinga zaidi ya 90 ikazama asubuhi yake, yeye katoka hai. Desemba mwaka huo huo akiwa tena kwenye Planter, wakanaswa kati ya mizinga ya adui, kapteni mzungu kapaniki kajificha kwenye stoo ya makaa ya mawe, Smalls akashika meli akaitoa, na kuanzia hapo yeye ndiye kapteni, dola 150 kwa mwezi. Fikiria mtu kutoka kuachiwa vijisenti mpaka 150 ndani ya mwaka mmoja na nusu. Na cha ajabu kwenye makaratasi hakuwa mwanajeshi rasmi, alikuwa raia aliyeajiriwa, kitu ambacho kilikuja kumtesa kwenye pensheni mpaka uzeeni, Bunge la Marekani lilipitisha pensheni yake kwa sheria maalumu 1897, dola 30 kwa mwezi.

Mwaka 1864 meli ikapelekwa Philadelphia matengenezo, miezi mingi, na hapo ndipo jamaa akakaa chini kujifunza kusoma na kuandika. Ana miaka 25, ana jina, ana mshahara, hajui kusoma. Kawalipa walimu. Huko huko Philadelphia akaambiwa apishe kiti kwenye gari la farasi la abiria kwa sababu ya rangi, akashuka, na kisa chake kikawa moja ya vitu vilivyosukuma sheria ya 1867 iliyofungua magari hayo kwa watu wote. Kumbukeni hiyo ya kusoma, itarudi.

Nyumba. Hapa ndipo mimi nilisimama kusoma nikaenda kunywa maji. Mwaka 1861 wanamaji wa Kaskazini waliiteka Port Royal na Beaufort, wazungu wenye mashamba wakakimbia wakaacha kila kitu. Serikali ikadai kodi ya nyumba na mashamba, hakuna wa kulipa, ikapiga mnada. Kwenye huo mnada wa kodi Robert Smalls akanunua nyumba ya Prince Street namba 511. Ile ile. Ya McKee. Ambayo yeye kazaliwa uani kwake na mama yake kafua na kupika humo. Akamweka mama yake ndani. Baadaye familia ya De Treville ikafungua kesi kwamba nyumba ni yao na mnada haukuwa halali, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na Smalls akashinda. Haikuwa ushindi wake peke yake maana watu weusi wengi wa pwani ile walikuwa wamepata viwanja kwa minada kama hiyo, angeshindwa yeye hao wote presha ingepanda. Na ipo hadithi ya familia kwamba bibi McKee, mke wa yule bwana wa zamani, alirudi uzeeni akili imeshaanza kupotea, akaingia ndani kama vile bado kwake, na Smalls akamwacha akae. Mimi sina roho hiyo, nasema ukweli.

Duka sasa. Baada ya vita akaungana na Richard Gleaves, huyu baadaye akaja kuwa naibu gavana, wakafungua duka Beaufort. Wateja wao walikuwa watumwa walioachwa huru juzi tu, watu ambao kwa mara ya kwanza wana pesa yao mkononi na wanahitaji mtu wa kuwauzia unga na kitambaa bila kuwaibia. Mwenye duka anamjua kila mtu, nani anadaiwa, nani mtoto anaumwa, nani shamba lake limeliwa na maji. Kwetu pia tunajua, diwani mwenye duka mtaani humng'oi kirahisi. Watu wa pale ni Wagullah, wanaongea lugha yao yenye maneno mengi ya Afrika Magharibi, na Smalls aliongea kama wao, hakuhitaji mkalimani kwenye mkutano. Walimwita mfalme wa Beaufort. Kuna kisa kinasimuliwa mpaka leo, wapiga kura wanamsifia mno Smalls, mmoja akachoka akasema jamani Smalls sio Mungu, mwenzake akamjibu kweli, kweli kabisa, ila bado kijana.

Hakuishia dukani. Mwaka 1870 yeye na wanasiasa wenzake weusi wakasajili kampuni ya reli ya mjini Charleston, Enterprise Railroad, mabehewa yanavutwa na farasi yanatoa mzigo gatini kupeleka stesheni za treni. Nilifikiria mikokoteni ya Kariakoo hapo, maana reli kama hiyo ni maendeleo ila kuna mtu na mkokoteni wake anakuangalia tu. Halafu akawa na gazeti pia, Beaufort Southern Standard, 1872. Mtu aliyejifunza kusoma na miaka 25, ana gazeti na miaka 33.

Na siasa ilienda pamoja na hayo yote, sio baada yake. Mwaka 1868 kulikuwa na mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina, na zaidi ya nusu ya wajumbe walikuwa weusi, jambo ambalo miaka mitatu nyuma ungelisema ungepigwa. Smalls alikuwa mjumbe. Cha kwake alichokileta mezani ni shule: za umma, za bure, na za lazima kwa watoto wote wa jimbo, weusi na wazungu. South Carolina haikuwa imewahi kuwa na mfumo wa hivyo. Mtu akikuletea hoja ya elimu bungeni siku hizi unapiga miayo, lakini huyu jamaa aliijua gharama ya kutojua kusoma kwa mwili wake, na mwaka mmoja kabla alikuwa ameshashiriki kununua jengo la shule ya watoto weusi hapo Beaufort. Katiba ikapita na shule zikaingia humo.

Mwaka huo huo akachaguliwa Baraza la Wawakilishi la jimbo, lile baraza la kwanza Marekani nzima ambalo weusi walikuwa wengi kuliko wazungu. Miaka miwili baadaye, 1870, seneta wao Jonathan Wright akapanda kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo, nafasi ikabaki wazi, Smalls akaichukua akakaa seneti mpaka 1874. Na upande wa jeshi sasa hivi alikuwa na cheo cha kweli, kwenye mgambo wa jimbo, luteni kanali akapanda mpaka meja jenerali. Mgambo wa wakati ule ndio uliokuwa unasimama kati ya wapiga kura weusi na makundi ya wazungu wenye bunduki.

Agosti 1876 ndiyo naipenda kuliko hata meli. Wakulima weusi wa mashamba ya mpunga mto Combahee waligoma. Walikuwa wanalipwa kwa chiti, vikaratasi ambavyo vinapokelewa kwenye duka la mwenye shamba tu, kwa bei za mwenye shamba. Yaani kibarua chako chote kinarudi kwa yule yule. Wakaingia barabarani na marungu, wazungu nao wakajikusanya na bunduki, na mwezi mmoja tu nyuma mji wa Hamburg kwenye jimbo hilo hilo mgambo weusi walikuwa wameuawa, wengine baada ya kujisalimisha. Kila kitu kilikuwa tayari kwa damu. Jenerali Smalls akaenda. Hakuenda na kikosi cha kupiga watu. Akaongea na wagomaji, kwa lugha yao, mamia ya watu, waliokuwa wanatafutwa wakakubali kwenda wenyewe Beaufort, na kesi ikaishia huko. Mwenye duka ambaye anaelewa chiti ni nini huhitaji kumweleza kwa nini watu wamekasirika. Hapo ndipo naona jeshi, duka na bunge vimekaa kwenye mtu mmoja mahali pamoja, na hakuna mtu atakayetengeneza filamu ya mgomo wa mpunga.

Sasa la rushwa, maana mkianza kumgugo mtalikuta na mtasema nimeficha. Kuanzia 1875 alikuwa Bunge la Marekani kule Washington. Mwaka uliofuata kule South Carolina wazungu wenye bunduki waliojiita Mashati Mekundu walipanda farasi wakatisha watu, serikali ya Wademokrat wazungu ikaingia madarakani 1877, na ndani ya mwaka huo huo Smalls akashitakiwa kwamba akiwa seneta alipokea dola 5,000 kwenye tenda ya uchapishaji wa serikali. Shahidi mkubwa alikuwa karani wa seneti, mwizi mkubwa wa hizo hizo hela za uchapishaji, aliyekuwa anajinusuru kwa kutaja wengine. Smalls akahukumiwa miaka 3, akakata rufaa, na 1879 gavana akamsamehe, kwenye makubaliano ambayo serikali kuu nayo ilifuta mashitaka ya uchaguzi dhidi ya Wademokrat. Sisemi bunge lile lilikuwa la malaika, tenda zile zilinuka kweli na wazungu na weusi walikula. Ila ukitaka kumtoa mtu ambaye kura hazimtoi, faili la rushwa ni kifaa kizuri sana, hilo hatuhitaji kwenda Marekani kulijifunza.

Na halikumtoa. Alirudi Bunge la Marekani mara kadhaa mpaka 1887, alipigania fedha za kituo cha wanamaji Port Royal, na pale Parris Island leo ndipo makuruta wa Marines wanapotolewa jasho. Baada ya hapo akawa mkuu wa ushuru wa forodha bandari ya Beaufort, miaka mingi, mpaka 1913.

Halafu ikaja 1895. South Carolina ikaitisha tena mkutano wa katiba, safari hii wa kuifuta ile ya 1868, na mwanasiasa mzungu Ben Tillman aliyeusukuma hakuficha, alitaka weusi wasipige kura. Masharti ya kusoma au kuielezea katiba mbele ya afisa, au ya kuwa na mali ya dola 300. Wajumbe kama 160, weusi 6, na watano kati yao walitoka Beaufort. Mmoja Smalls, miaka 56. Yaani kakaa kwenye mkutano ulioandika kazi yake na kwenye mkutano ulioizika, na silaha waliyoizikia ni kusoma, kitu kile kile alichokitaka yeye kwa kila mtoto. Wenzake wakawa wanapitisha kifungu cha kukataza ndoa za weusi na wazungu, Smalls akasimama akasema sawa, basi na tuongeze kwamba mzungu yeyote anayeishi na mwanamke mweusi kinyumba asishike cheo chochote cha umma. Ukumbi ukachafuka. Walijuana wote mle ndani. Mwisho wakaambiwa watie saini, akakataa, mtu akapendekeza wasiosaini wasilipwe nauli ya kurudi, akasema afadhali atembee kwa miguu mpaka Beaufort kuliko kuisaini.

Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani lilichukua meli ya kivita iliyokuwa na jina la ushindi wa Kusini, wakaibadilisha ikawa USS Robert Smalls. Nimefurahi, kwa nini nisifurahi, lakini ni meli tena.

Nikamsimulia mjomba yote haya, duka, chiti, katiba mbili, chai ikapoa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia alifariki Februari 1915, ndani ya nyumba ile ile ya Prince Street, na mahali pa kile kibanda alichozaliwa ni hapo hapo nyuma, unavuka ua tu.

"Hati ilikuwa jina la nani?"

La kwake, mjomba.

Akaongeza sauti ya redio.